Kutoka Kioo hadi Fuwele: Historia ya Aloi za Aluminiamu na Funzo Lake kwa Uundaji wa Istilahi

Makala hii inafuatilia historia fupi ya aloi za aluminiamu zenye fuwele za kipimo cha nanomita, ili kuonesha kwamba istilahi iundwayo bila kuzingatia historia ya kitu inachokitaja humpotosha mtumiaji.

Mwaka 1960, Pol Duwez na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani, walipoza aloi ya dhahabu na silikoni iliyoyeyuka kwa kasi inayokadiriwa kuwa nyuzi milioni moja kwa sekunde. Atomu hazikupata muda wa kujipanga katika fuwele. Ziliganda zikiwa katika mparaganyo wa kimiminika. Hali hiyo inafanana na ya kioo.

Aluminiamu ilichelewa kufikia hatua hiyo. Mwaka 1988, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, na wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, akiwamo Akihisa Inoue, walitangaza aloi za kioo zenye aluminiamu nyingi.

Hadi hapo fuwele ilihesabiwa kuwa kasoro. Muda si mrefu ikabainika kwamba upoaji ukidhibitiwa, au kioo hicho kikipashwa moto kwa kiasi, huchipua ndani yake chembe za aluminiamu zenye upana wa takribani nanomita 10, nazo huongeza nguvu. Uimara uliopimwa ulifikia takribani megapaskali 1,500, ilhali aloi za kawaida za ndege huwa na chini ya 700. Joto likizidi, huzuka misombo inayoifanya aloi ivunjike kwa urahisi.

Istilahi “metali isiyo fuwele” inaifaa bidhaa ya mwaka 1960, lakini haiwezi kuitaja aloi ambayo sehemu yake ni kioo na sehemu ni fuwele. “Metali-kioo” huenda ikamkumbusha msomaji dirisha. Hata hivyo, hutaja namna ya kuganda, na sifa hiyo haifutwi na fuwele zinazochipua baadaye. Kwa hiyo ninapendekeza “metali-kioo” kwa malighafi, “ufuwelishaji” kwa mchakato, na “nanofuwele” kwa chembe.

Suala hili si la wanaisimu pekee. Mshauri wa sera anayeandaa mtalaa wa ufundi au kiwango cha viwanda, akitumia jina moja kwa hatua zote, hatamwezesha fundi kutofautisha joto linaloimarisha na joto linaloharibu.