Aliyefuta Anaishi Wapi?

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilichoka na maneno ya Elijah Masinde. Haikubishana naye. Ilimtangaza mwenye wazimu, ikamfungia Mathari.

Masinde alitoka Kimilili. Kabla ya kuwa mhubiri alikuwa mchezaji mpira hodari, aliyefika hadi timu ya Kenya. Alichohubiri kilikuwa rahisi kueleweka: Wabukusu warudie dini ya mababu zao, na wazungu warudi kwao. Alitoka Mathari mwaka 1947, na mwaka huohuo waumini wa Dini ya Msambwa wakakusanyika Chetambe, kilima kinachouangalia mji wetu wa Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa pale na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi kule Malakisi na watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa mbali, Lamu. Uhuru ulipokuja, serikali mpya nayo ikaipiga marufuku mwaka 1968. Kumbe bendera inaweza kubadilika na mdomo ukabaki umefungwa vilevile.

Ninamtaja Masinde kwa sababu hadithi yake ina kitu ambacho sisi wa enzi ya simu tumekipoteza. Kila mtu Kimilili alijua ni nani aliyemnyamazisha. Kulikuwa na DC, ofisi yake ilikuwa na mlango, na mlangoni kulikuwa na askari. Ungeweza kumchukia kwa jina. Ungeweza kumwandikia barua, kumshtaki, au kupanda mlima na kuimba ukijua anasikia.

Historia ya kunyamazishana Kenya, ukiisoma vizuri, ni historia ya anwani.

Angalia magazeti. Muigwithania, gazeti la Kikuyu Central Association lililoanza mwaka 1928 Kenyatta akiwa mhariri, lilipigwa marufuku mwaka 1940. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, magazeti mengi ya Waafrika yalizimwa kwa mkupuo. Kisha, mwaka 1960, wakoloni wakiwa tayari wanafunga mizigo, ikaja Sheria ya Vitabu na Magazeti. Ilimtaka mchapishaji aandike jina lake na mahali anapofanyia kazi, apeleke nakala kwa msajili, na aweke dhamana ya shilingi 10,000. Serikali ya uhuru iliirithi kama mtu anavyorithi panga la babake. Mwaka 2002 dhamana hiyo ikapandishwa hadi shilingi milioni 1.

Sheria hii haikuhitaji kukuambia usiseme nini. Ilitaka tu kujua unalala wapi. Mwaka 1988 jarida la Beyond liliandika jinsi kura za mlolongo zilivyoibwa, likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alishtakiwa kwa kosa la kutowasilisha hesabu za mauzo. Unaona ujanja? Hakuna aliyejibu kama kura ziliibwa au haziibiwi. Mwaka 1990 ikawa zamu ya Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara.

Lakini upande wa pili nao ulikuwa na anwani. Jarida lilipozimwa, tangazo lilitoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na chini yake pana cheo na sahihi. Wakili angeweza kulibeba hadi kortini. Na tarehe 2 Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walipovamia The Standard, wakachoma magazeti na kuzima KTN, waziri John Michuki alisimama mbele ya kamera akasema ukimtikisa nyoka, ujitayarishe kuumwa. Maneno mabaya hayo, lakini yalikuwa na mwenyewe. Mpaka leo tunamnukuu kwa jina.

Halafu kuna karatasi yenyewe. Mtu wa Webuye hawezi kuzungumzia uchapishaji bila kutaja Pan Paper. Tangu miaka ya sabini hadi kilipofungwa mwaka 2009, kiwanda kile ndicho kilikuwa mji. Wazee hapa watakuambia harufu yake ilikuwa harufu ya mshahara. Karatasi ina ukaidi wake: ukilipiga jarida marufuku, lazima utume mtu nyumba kwa nyumba kulitafuta. Nakala inabaki chini ya godoro, nyingine ndani ya kiti cha matatu, nyingine imefungiwa mandazi. Posti kwenye simu haina godoro. Ikifutwa mahali pamoja imefutwa kote, saa ileile, na hata wewe mwandishi huna nakala kama hukuihifadhi.

Hiyo nimeionja. Agosti 2022, msimu wa sikhebo, niliandika makala fupi nusu Kiswahili nusu Lubukusu kuhusu omukhebi na kisu chake, na jinsi kijana anavyotakiwa kusimama wima bila kupepesa jicho. Niliiweka kwenye mtandao mmoja mkubwa. Watu wa Bungoma na Kitale wakaanza kubishana vizuri kabisa kuhusu koo na taratibu. Siku ya pili ikatoweka. Nikaambiwa nimechochea vurugu. Nikakata rufaa. Jibu lilirudi kabla chai yangu haijapoa: uamuzi haubadiliki.

Sikuumia sana. Mimi ni mtu wa kuandika kwa malipo ya kila makala, chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na nimezoea kukataliwa. Kilichobaki kunikera ni swali dogo. Nani alisoma? Ilikuwa mashine au mtu? Kama ni mtu, anajua sikhebo ni nini? Yuko nchi gani? Masinde alijua jina la DC wake. Mimi nilipewa sentensi moja isiyo na sahihi.

Jibu la swali hilo, kwa sehemu kubwa ya posti za Facebook zilizohusu eneo letu kuanzia mwaka 2019 hadi 2023, lilikuwa Nairobi. Kampuni ya Sama ilikuwa imepewa kandarasi ya kuchuja maudhui ya Facebook kutoka nchi kadhaa za Afrika, na vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Uganda, Somalia, Afrika Kusini na kwingineko walikaa mbele ya skrini siku nzima wakiamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Februari 2022 jarida la Time liliripoti kwamba baadhi yao walilipwa kiasi kidogo kama dola 1.50 kwa saa. Kwa pesa hiyo walitazama watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa, watu wakijiua. Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini, alijaribu kuwapanga wenzake wadai haki mwaka 2019, akafutwa kazi. Mei 2022 aliwashtaki Sama na Meta, mmiliki wa Facebook, mjini Nairobi.

Soma utetezi wa Meta polepole. Ilisema mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake, kwa kuwa si kampuni ya Kenya, haina makao hapa wala haifanyi biashara hapa. Yaani kampuni ambayo mama mboga wa soko la Webuye anatangazia sukuma wiki kwake kila asubuhi ilisimama kortini ikasema: mimi siishi hapa.

Tarehe 6 Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri wa Mahakama ya Ajira alikataa kuiondoa Meta kwenye kesi. Wakati huo Sama ilikuwa imetangaza inaachana na kazi hiyo, na mwezi uliofuata wachujaji zaidi ya 180 wakaenda kortini kupinga kuachishwa kazi. Meta ikakata rufaa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi ziendelee hapahapa. Desemba mwaka huo zikatoka taarifa za kidaktari zilizowasilishwa kortini: zaidi ya 140 kati yao walikutwa na ugonjwa wa kiwewe.

Hapo ndipo namkumbuka tena Masinde. Mwaka 1945 aliyesema ndiye aliyepelekwa kwa daktari wa akili. Leo anayeumia akili ni yule anayefuta. Na tofauti na DC, huyu hana mamlaka yoyote. Ni kijana wa kupanga chumba, anayehesabiwa sekunde, aliyetia sahihi karatasi ya kutosema lolote kuhusu kazi yake. Mwenye sauti ya mwisho amekaa California. Kwa hiyo hata ningempata aliyefuta makala yangu ya sikhebo, pengine ningempata mtu kama mimi: aliyekatika njiani, anayetafuta kodi ya mwisho wa mwezi.

Sasa kuna wasee wataniambia dawa ni rahisi: watu waachwe waseme chochote, basi. Sikubali. Sisi wa pande hizi tunajua maneno yanaua. Baada ya uchaguzi wa 2007 tuliona majirani waliochinjiana ng'ombe wa harusi wakichomeana nyumba, na matamshi ya chuki yalikuwa yametangulia moto. Ndiyo maana Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza na hapohapo kinakataa uchochezi na matamshi ya chuki.

Na kesi ya pili ya Nairobi inaonyesha uchungu wa kutofuta. Meareg Amare alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, Mtigrinya wakati wa vita vya Tigray. Posti za Facebook zilimtaja kwa jina, zikaweka picha yake na mahali anapoishi. Novemba 2021 alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Mwanawe, Abrham Meareg, anasema aliripoti posti hizo mapema na hazikuondolewa kwa wakati. Desemba 2022 aliishtaki Meta katika Mahakama Kuu ya Nairobi, akishirikiana na walalamishi wengine, na Aprili 2025 mahakama ikaamua ina uwezo wa kusikiliza kesi hiyo.

Kwake Motaung na kwake Abrham, na hata kwangu na kisu changu cha omukhebi, shida ina mzizi mmoja. Mitandao inajua anwani ya kila mmoja wetu kuliko msajili yeyote wa magazeti alivyowahi kujua, lakini sisi hatuna mahali pa kubisha hodi. Ndiyo maana ushindi wa kesi hizi mpaka sasa, ingawa ni wa hatua za mwanzo tu, ni mkubwa. Majaji bado hawajasema nani ana hatia. Wamesema tu kwamba mlango upo, na upo Nairobi.

Tusidanganyike kwamba DC naye amestaafu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti iliyomhusu naibu wa inspekta jenerali wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha alipigwa na kukabwa shingo. Kwa hiyo kijana wa leo ana wakubwa wawili juu ya mdomo wake: mmoja anayejua nyumbani kwake na anaweza kufika usiku, na mwingine ambaye hatafika kamwe na hapatikani.

Aprili 2025 magazeti ya Uingereza yaliripoti kwamba kazi ya kuchuja maudhui ya Meta sasa inafanyika Accra, Ghana, kupitia kampuni nyingine, na vijana wa kule wamekwisha anza kulalamika mambo yaleyale. Korti ilipoipata anwani Nairobi, kazi ilikuwa imeshahama. Mkoloni alihamisha mhubiri hadi Lamu. Hawa wanahamisha ofisi.

Kwa hiyo nikiulizwa tudai nini, siombi mtandao usiofuta. Nataka anayefuta makala ya Lubukusu awe anajua Lubukusu, alipwe kama mtu mwenye akili ya kulindwa, na aniandikie kanuni niliyovunja kwa maneno ninayoweza kuyapinga. Na nikitaka kuyapinga mbele ya hakimu, nauli ya matatu kutoka Webuye hadi Bungoma iwe inatosha.