Mzigo wa Kujitwika: Heshima na Kazi ya Kujitolea Katika Kariakoo

Taifa litoapo heshima kwa watu wake hutazama pande mbili. Hutazama nyuma, limshukuru aliyetenda. Na hutazama mbele, limwonyeshe kijana njia ya kutenda. Upande wa kwanza ni mwepesi, kwa kuwa shukrani yaweza kukamilika kwa nishani, kwa hotuba au kwa kibao cha mtaa. Upande wa pili ni mzito, na mara nyingi husahauliwa. Jambo hili ladhihirika sana katika Kariakoo na mitaa ya Dar es Salaam iliyo jirani nayo, maana huko majina ya watu waliotunukiwa heshima yamewekwa katika njia zenyewe, na vijana wazipitazo kila siku ni maelfu. Lifaalo kuulizwa ni kwa nini heshima nyingine huwavuta vijana katika kazi ya kujitolea, na nyingine huwaacha kama zilivyowakuta.

Jibu laanza katika jina la mahali penyewe. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Jengo la soko lililojengwa na Wajerumani kabla ya vita, pamoja na uwanja wake, likafanywa kambi ya wapagazi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Huko Nairobi nako jina hilo hilo lilibaki kwa sababu hiyo hiyo. Wapagazi wale hawakuwa watu wa kujitolea. Wengi walikamatwa vijijini, wakatwikwa masanduku ya risasi na magunia ya chakula, wakafa kwa maelfu. Tena wengi wao si kwa risasi, bali kwa njaa, kuhara na homa. Vita vilipokwisha, askari alijengewa sanamu katikati ya mji katika mwaka wa 1927, naye yungali amesimama pale na bunduki yake. Mpagazi katika Dar es Salaam hakupata sanamu. Alipata jina la soko, na jina lenyewe likasahau maana yake.

Yafaa jambo hilo likumbukwe, kwani lafundisha tofauti iliyo kubwa kati ya mzigo wa kutwikwa na mzigo wa kujitwika. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyetwikwa kwa nguvu hafundishi mwanawe kubeba, humfundisha kukimbia. Historia ya Kariakoo baada ya vita ni historia ya watu waliojifunza, polepole na kwa hiari yao, kujitwika.

Katika mwaka wa 1924 Dakta James Aggrey, mwalimu mashuhuri aliyezaliwa Gold Coast, iitwayo sasa Ghana, alifika Dar es Salaam pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Miongoni mwa waliokutana naye alikuwako Kleist Sykes, mtumishi wa reli aliyekuwa na umri wa miaka 30. Aggrey alikuwa mtu wa heshima kubwa, aliyesikilizwa na Wazungu na Waafrika sawasawa. Angaliweza kutosheka na kusikilizwa. Badala yake alimwachia kijana yule kazi: Waafrika waungane katika chama chao wenyewe. Miaka mitano baadaye, katika mwaka wa 1929, African Association ilianzishwa, Cecil Matola akiwa rais wake na Kleist Sykes katibu wake. Yasimuliwa kuwa nyumba ya chama katika New Street ilisimama kwa michango na kwa mikono ya wanachama, waliotoa siku zao za mapumziko kufanya kazi ya ujenzi bila ya ujira. Kleist vile vile alikuwa miongoni mwa waasisi wa Al-Jamiatul Islamiyya katika mwaka wa 1933, jumuiya iliyojishughulisha na kuwasomesha watoto wa mji.

Kleist alifariki mwaka wa 1949, lakini mzigo haukuanguka chini. Mwanawe Abdulwahid, aliyerudi kutoka vita vya Burma, aliingia katika uongozi wa chama kile kile, naye baadaye akawa msimamizi wa soko la Kariakoo. Tarehe 7 Julai 1954 chama kilivaa jina jipya la TANU katika nyumba ile ile ya New Street, Julius Nyerere akiwa rais wake. Umri wa watu hawa wastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi. Nyerere alikuwa na miaka 32. Abdulwahid Sykes alikuwa na miaka 29. Ally, nduguye, alikuwa na miaka 27. Wale ambao vitabu vya leo huwaita wazee wa uhuru walikuwa vijana walipoianza kazi, nao waliingia humo kwa sababu mtu mzima mwenye heshima alikwisha kuwafungulia mlango.

Mlango huo haukufunguliwa kwa wanaume peke yao. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka wa 1926, alijulikana mjini kwa sauti yake katika ngoma ya lelemama kabla hajajulikana kwa siasa. Katika mwaka wa 1955 alipotwaa kazi ya kuwaandikisha wanawake katika TANU, hakuwaendea kama mgeni mwenye karatasi. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, waliokuwa na heshima kwa wenzao, akawaomba wawalete watu wao. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Wengi wao hawakujua kusoma. Lakini walijua tayari kuchanga, kupika kwa ajili ya wengi, kugawana gharama za msiba na harusi, na kushika zamu. Chama hakikuwafundisha kujitolea. Kiliikuta tabia hiyo ndani ya nyumba zao, kikaipa shabaha mpya.

Sokoni nako kulikuwa na watu wa namna hiyo. Mshume Kiyate alikuwa mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo, na mmoja wa Baraza la Wazee wa TANU. Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu katika mwaka wa 1955, akawa hana mshahara, yasimuliwa kuwa mzee huyu alisaidia kuilisha nyumba yake kwa mali iliyotoka mezani pake mwenyewe. Dossa Aziz alikipa chama gari lake. Hapakuwako nishani ya kungojewa. Aliyetoa fedha siku zile alijiweka katika hatari ya kuudhi serikali, wala hakuna aliyemwahidi kuwa jina lake litaandikwa popote.

Uhuru ulipokaribia, matunda ya kujitolea yalianza kuonekana katika matofali. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza, nacho hakikuanza kileleni pa kilima kilipo leo. Kilianza katika jengo la TANU, katika njia ile ile ya New Street ambayo baadaye iliitwa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Basi msomi wa nchi hii, hata kama hajapata kukanyaga Kariakoo, ni mtoto wa Kariakoo: darasa lake la kwanza lilikuwa katika nyumba ya chama kilichoinuliwa kwa senti za wachuuzi, makuli na wacheza lelemama.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo lafaa lielezwe bila ya kuficha. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka wa 1963, na vijana wake wa kwanza waliingia kwa hiari. Mwaka wa 1966 serikali iliamua kuwa wahitimu wa chuo kikuu na wa vyuo vingine wataingia kwa lazima, na kwa muda wa utumishi huo watapunguziwa sehemu kubwa ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga. Bango mojawapo lilisema kuwa hali ilikuwa bora zaidi wakati wa ukoloni. Nyerere alikasirika, akawafukuza wanafunzi karibu 400. Na siku iyo hiyo akautangaza upungufu wa asilimia 20 katika mshahara wake mwenyewe.

Wengi wameyatumia masimulizi hayo kuwalaumu wanafunzi kwa uchoyo, na lawama hiyo si ya bure. Lakini kuna funzo lingine lisilotajwa sana. Serikali ilitaka kupata kwa sheria kile ambacho New Street ilikipata kwa mfano. Wanafunzi wale walikuwa wamepewa heshima kubwa kuliko vijana wenzao wote, lakini hakuna aliyewashika mkono mapema akawaonyesha deni lililofungwa ndani yake. Walipodaiwa kwa ghafula, waliona mzigo wa kutwikwa, nao wakafanya kama afanyavyo kila aliyetwikwa. Lililo dhahiri ni kwamba katika siku ile yote hoja iliyowagusa watu zaidi haikuwa ile ya kufukuza. Ilikuwa ni ya mkubwa aliyeanza kupunguza kilicho chake.

Baada ya hayo ulifika wakati wa kutoa heshima. Mtaa wa Kipata uliitwa Kleist Sykes. Mtaa wa Tandamti ulipewa jina la Mshume Kiyate, ingawa wenye maduka na wateja wao wengi wangali wanauita Tandamti. Abdulwahid na Ally Sykes walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Nishani ya Mwenge wa Uhuru katika mwaka wa 2011, Tanzania Bara ilipotimiza miaka 50 ya uhuru. Abdulwahid alikuwa amefariki tangu mwaka wa 1968. Ally alikuwa mzee wa miaka 85, naye alifariki miaka miwili baadaye. Historia ya Bibi Titi ni chungu zaidi. Alikamatwa mwaka wa 1969, akahukumiwa kwa uhaini mwaka wa 1971, akaachiliwa mwaka wa 1972, na kwa miaka mingi jina lake lilikaa kimya. Alifariki mwaka wa 2000. Barabara iliyo kando ya Mnazi Mmoja sasa yaitwa kwa jina lake, na magari hupita juu yake usiku na mchana.

Heshima hizi ni za haki, wala hapana sababu ya kuzibeza. Lakini zina upungufu mmoja: zilifika wakati wapewa hawawezi tena kutembea na vijana. Kibao chasema jina, wala hakisemi tendo. Kijana auzaye mikoba katika mtaa wa Mshume Kiyate hawezi kujifunza kutoka katika herufi kwamba mtu aliyekaa katika soko lile lile, mwenye meza kama yake, aliwahi kulisha nyumba ya kiongozi wa nchi pasipo kuandikiwa deni.

Mfano wa heshima ya namna nyingine watoka mbali na Dar es Salaam. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba, na watu 19 wakafa. Wavuvi walikuwa wa kwanza kuifikia kwa mitumbwi yao, mmoja wao akiwa kijana Majaliwa Jackson. Alitunukiwa hadharani mkoani Kagera shilingi milioni moja. Kisha, kwa agizo la Rais, aliingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Fedha ilikuwa shukrani, nayo yaweza kwisha kwa mwezi mmoja. Nafasi ya kazi ilikuwa heshima kamili, kwa kuwa ilimweka kijana mahali atakapookoa tena, na atakapoonekana na wengine akiokoa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka katikati ya Kariakoo asubuhi ya siku ya biashara. Zaidi ya watu 20 walikufa, na zaidi ya 80 waliokolewa. Kabla mashine kubwa hazijapanga kazi zake, watu wa sokoni walikwisha kuanza kuvunja zege kwa nyundo na kuondoa kifusi kwa mikono. Hapana aliyewaandikisha, wala hapana sheria iliyowatuma. Yaonekana basi kuwa tabia iliyoijenga nyumba ya New Street haijafa katika mitaa ile. Ilikosa jambo moja tu, nalo ni kuunganishwa: kijana wa kifusi hakuambiwa kuwa yu katika safu moja na Kleist, na Bibi Titi, na yule mzee wa samaki.

Kazi ya kumwambia ni ya nani, kama si ya wale waliokwisha kupewa heshima wangali hai? Mwenye nishani, mwenye shahada, mwenye jina katika mji, kila mmoja wao amekopeshwa. Aggrey hakumlipa Kleist mshahara, wala hakumtungia sheria. Alizungumza naye kama mtu awezaye, akaondoka. Kutoka katika mazungumzo hayo kilitoka chama. Katika chama, uhuru. Na katika jengo la chama hicho, chuo kikuu. Mtaa wa Aggrey ungali katika Kariakoo, umejaa watu na mizigo, na wengi wa wabebao mizigo hiyo ni vijana.