Lugha Mbili za Barawa na Mipaka ya Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Historia za fasihi ya Kiswahili aghalabu huanzia Pate na Lamu, zikateremka hadi Mvita na Unguja. Barawa, katika pwani ya kusini ya Somalia, huachiwa wanaisimu kama kielelezo cha lahaja ya pembezoni. Makala haya yanadai kuwa kimya hicho kinatokana na dhana kwamba fasihi ni mali ya jamii yenye lugha moja.

Wabarawa huiita lugha yao Chimwini, yaani lugha ya mjini. Jina lenyewe linadokeza jirani: nje ya mji, na hata ndani yake, kulisemwa Kisomali cha Watuni. Ujirani huo ulikijaza Chimwini maneno ya Kisomali bila kukiua. Kinyume chake, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, masheikh waliitumia lugha ya nyumbani kufundishia dini kwa ushairi. Sheikh Uways al-Barawi (1847–1909) alitunga kwa Kiarabu, Kisomali na Chimwini. Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, alitunga kwa Chimwini.

Ulinganisho unafaa hapa. Pwani ya Ostrobothnia, nchini Ufini, ina wasemaji wa Kiswidi na wa Kifini, na katiba ya 1919 ilizifanya lugha hizo mbili kuwa za taifa. Somalia ilipokipa Kisomali hati rasmi mwaka 1972, Chimwini hakikupewa nafasi hiyo. Kilibaki kulindwa na nyumba, chuo na ushairi. Vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwatawanya Wabarawa hadi Kenya, Uingereza na Marekani, na ngome hizo zikabomoka.

Suala hili si la mbali. Katika Eastleigh, mtaa wa Eastlands, Mbarawa ni rahisi kuhesabiwa Msomali tu. Akivuka kuingia Pumwani, Kiswahili chake huenda kikaonekana kigeni. Mhakiki naye hufanya vivyo hivyo anapomtaka mtunzi achague upande mmoja.

Mwaka 2018 mkusanyo mkubwa wa mashairi ya dini ya Barawa ulichapishwa Leiden, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwanafunzi wetu anayemsoma Mwana Kupona hana sababu ya kutomjua Dada Masiti. Yafaa idara zetu ziyaingize mashairi hayo katika mtaala, na ziyasome pamoja na wazee wa Kibarawa maadamu wangali hai.