Zabuni ya kutia chapa afisi za serikali: Karatasi huamua kabla ya bei

KILA mwaka mpya wa fedha unapoanza mnamo Julai 1, wizara, mashirika ya umma na serikali za kaunti huanza kutafuta watu wa kuziuzia bidhaa na huduma. Miongoni mwa huduma hizo ni kutia chapa afisi, yaani kutengeneza mabango ya langoni, vibao vya milango, stika za vioo, maandishi ya ukutani, nembo za magari na hata sare za wahudumu.

Kazi hii huwavutia vijana wengi wenye biashara ndogo za uchapishaji na uchoraji wa mabango kwa sababu haihitaji mitambo ya mamilioni ya pesa kama ujenzi wa barabara. Hata hivyo, wengi wao huenguliwa kabla bei zao hazijalinganishwa na za wenzao. Haimaanishi kwamba kazi yao ni duni. Mara nyingi ni karatasi moja iliyokosekana au sahihi iliyosahauliwa.

Msingi wa ununuzi wa umma nchini ni Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010, kinachoagiza kwamba ununuzi huo uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na wenye gharama nafuu.

Utekelezaji wake umefafanuliwa katika Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016 na kuchukua mahali pa ile ya 2005. Kanuni za sheria hiyo zilichapishwa mwaka 2020. Anayesimamia utekelezaji wake ni Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma (PPRA).

Mahali pa kupata kazi

Zabuni za wazi hutangazwa magazetini, katika tovuti za taasisi husika na katika tovuti ya serikali ya tenders.go.ke. Tovuti hiyo pia huorodhesha kandarasi zilizokwisha kutolewa, washindi wake na kiasi cha pesa walichopewa. Mfanyabiashara mwerevu huisoma kabla ya kupanga bei yake, kwani humwonyesha kazi kama yake ililipwa kiasi gani mwaka uliotangulia.

Lakini si kila kazi hutangazwa kwa njia hiyo. Kwa huduma zisizozidi Sh3 milioni, sheria huruhusu taasisi kuomba bei kutoka kwa wafanyabiashara wasiopungua watatu waliomo katika orodha yake ya wauzaji waliosajiliwa. Kazi nyingi za vibao na stika ni za kiwango hicho. Kwa hivyo asiyejisajili katika orodha hizo hukaa akisubiri tangazo ambalo halitachapishwa kamwe.

Kuanzia mwaka 2025, Hazina ya Kitaifa ilianza kuhamishia ununuzi wa umma katika mfumo wa kielektroniki uitwao e-GP, hatua iliyozua kesi mahakamani. Basi ni wajibu wa mzabuni kusoma tangazo lenyewe na kuthibitisha limeagiza zabuni iwasilishwe kwa njia gani.

Sheria pia inaagiza asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengewe biashara zinazomilikiwa na vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango huo, maarufu kama AGPO, ulizinduliwa mwaka 2013.

Ili kampuni ifuzu, angalau asilimia 70 ya wanachama wake sharti wawe wa kundi husika, na uongozi wote uwe mikononi mwa watu wa kundi hilo. Kijana hapa ni yule aliyetimiza umri wa miaka 18 lakini hajafikisha 35. Usajili haulipishwi hata senti moja.

Hapa ndipo matapeli hupata windo lao. Mtu hupiga simu akijidai afisa wa ununuzi katika wizara au kambi ya jeshi, akidai kuna zabuni ya dharura na kwamba jina la kampuni litaingizwa orodhani mara tu ada fulani itakapotumwa kwa nambari yake ya simu. Mwenye kupokea simu ya aina hiyo hana budi kufika mwenyewe katika afisi ya ununuzi ya taasisi inayotajwa na kuulizia nambari ya zabuni.

Stakabadhi za lazima

Tathmini huanza kwa kukagua masharti ya lazima. Katika hatua hii hakuna alama za kugawa: mzabuni hupita au huanguka. Masharti hutofautiana kutoka zabuni moja hadi nyingine, lakini yafuatayo hujitokeza mara kwa mara:

- Cheti cha usajili wa biashara au kampuni, pamoja na hati ya CR12 inayoonyesha wamiliki na wakurugenzi;
- Cheti cha kuthibitisha ulipaji ushuru kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ambacho muda wake haujaisha;
- Leseni ya biashara ya kaunti;
- Fomu ya zabuni iliyojazwa, kutiwa sahihi na kupigwa muhuri;
- Fomu ya maelezo ya siri kuhusu biashara;
- Tamko la kutojihusisha na ufisadi;
- Cheti cha AGPO, ikiwa zabuni imetengewa makundi maalumu;
- Ushahidi wa kazi za awali, kama vile maagizo ya kazi na barua za wateja.

Sharti moja huwaangusha hata wazoefu, nalo ni kurasa za zabuni kupewa nambari kwa mfuatano kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Sharti hilo limo katika sheria yenyewe. Anayeongeza cheti dakika za mwisho bila kukitia nambari hujichimbia kaburi.

Aidha, taasisi inaweza kudai dhamana ya zabuni kutoka kwa benki au kampuni ya bima. Kisheria dhamana hiyo haifai kuzidi asilimia 2 ya thamani ya zabuni. Makundi ya AGPO hayahitajiki kutoa dhamana ya pesa, bali hujaza fomu maalumu ya tamko. Fomu hiyo nayo isipotiwa sahihi, zabuni huanguka vivyo hivyo.

Palipo na utata, mzabuni ana haki ya kuomba ufafanuzi kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Taasisi ikibadilisha masharti ilhali muda uliobaki haufikii thuluthi moja ya ule uliotolewa, inalazimika kuongeza siku.

Kupanga bei

Bei nzuri huanzia kwenye eneo la kazi. Tangazo likitaja ziara ya kukagua afisi, mzabuni aende na futi yake ya kupimia. Ukuta wa saruji, kioo na mbao hutumia vifaa tofauti, na bango la juu ya ghorofa ya nne huhitaji jukwaa la kupandia ambalo halipo katika bei ya bango la langoni.

Mahali nako kuna gharama zake. Hewa ya chumvi ya Mombasa na Lamu huitia kutu mikono ya chuma kwa haraka, nalo jua kali la Lodwar au Garissa hufifisha stika za bei rahisi. Afisi zikiwa katika kaunti kadhaa, nauli, usafirishaji na malazi ya mafundi vinaweza kuizidi gharama ya vibao vyenyewe.

Ushuru wa Ziada ya Thamani (VAT) wa asilimia 16 ukumbukwe pale tangazo linapodai bei inayojumuisha ushuru wote.

Jambo la hatari zaidi ni hesabu. Kwa mujibu wa sheria, jumla iliyoandikwa katika fomu ya zabuni ni ya mwisho. Hairekebishwi na mtu yeyote.

Mathalan, vibao 40 vya Sh4,500 kila kimoja ni Sh180,000. Mzabuni akikosea na kuandika Sh108,000 katika fomu, hiyo ndiyo bei yake. Akishinda, atafanya kazi kwa hasara. Akijiondoa kabla muda wa zabuni yake kuisha, atapoteza dhamana aliyoweka.

Isitoshe, bei ya kandarasi haiwezi kupandishwa katika miezi 12 ya kwanza tangu mkataba utiwe sahihi. Vifaa vingi vya kutia chapa huagizwa kutoka ng'ambo, na shilingi inapodhoofika hupanda bei. Anayeweka faida nyembamba kupindukia ili ashinde hukosa pa kushika mambo yakibadilika.

Nembo ya taifa si ya kuchezewa

Kutia chapa afisi ya umma hakulingani na kutia chapa duka. Nembo ya taifa, yenye simba wawili, ngao, jogoo aliyeshika shoka na neno Harambee, inalindwa na Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99. Haifai kutumiwa kibiashara bila idhini ya maandishi. Mwanakandarasi aombe mchoro rasmi kutoka kwa taasisi badala ya kuunakili mtandaoni, na aepuke kuuweka katika matangazo yake mwenyewe.

Lugha nayo ina uzito. Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Inawapa pia watu wenye ulemavu haki ya kufika katika maeneo yote ya umma na kutumia maandishi ya breli. Mzabuni anayeonyesha jinsi vibao vyake vitakavyowahudumia wananchi hao hudhihirisha kwamba anaielewa kazi.

Kabla ya kuchapa chochote, sampuli ya maandishi iidhinishwe kwa sahihi na mteja. Herufi moja ikikosewa katika vibao 40 bila idhini hiyo, gharama ya kurudia itamwangukia mwanakandarasi.

Hali kadhalika, udhibiti wa matangazo ya nje ni jukumu la kaunti. Ni vyema kuulizia mapema ni nani atakayelipia kibali cha bango la kando ya barabara.

Kufunguliwa na kutathminiwa

Zabuni hufunguliwa mara tu baada ya muda wa mwisho kufika, mbele ya kamati ya watu wasiopungua watatu. Wazabuni wana ruhusa ya kuhudhuria, na husomewa jina la kila mzabuni na jumla ya bei yake. Anayehudhuria aandike takwimu hizo zote, kwani ndizo zitakazomsaidia endapo matokeo yatakuja yakiwa tofauti.

Tathmini haifai kuzidi siku 30 tangu zabuni kufunguliwa. Baadaye taasisi huwaandikia barua washindi na walioshindwa kwa wakati mmoja, ikiwaeleza walioshindwa sababu za kuangushwa kwao. Mkataba hauwezi kutiwa sahihi kabla ya siku 14 kupita.

Siku hizo 14 ndizo fursa ya asiyeridhika. Anaweza kuwasilisha malalamishi yake kwa bodi huru ya kukagua maamuzi ya zabuni (PPARB), ambayo hutakiwa kutoa uamuzi kwa siku 21. Asiporidhika bado, anaweza kwenda Mahakama Kuu. Siku ya 15 ikifika kabla hajawasilisha malalamishi, mlango huwa umefungwa hata kama alidhulumiwa waziwazi.

Wapo wanaoamini kwamba njia ya mkato ni kumwona mkubwa fulani. Anayepatikana na hatia ya hongo, njama za bei au stakabadhi ghushi huweza kuzuiwa kushiriki zabuni za umma kwa muda usiopungua miaka mitatu, mbali na kushtakiwa.

Kushinda si kulipwa

Mtihani mkubwa zaidi huja baada ya shangwe. Mwanakandarasi hapaswi kuanza kazi kwa maneno ya simu. Asubiri mkataba au agizo rasmi la huduma, lijulikanalo kama LSO. Kazi ikikamilika, kamati ya ukaguzi na upokeaji huikagua na kutoa cheti. Hapo ndipo ankara ya kielektroniki ya eTIMS huwasilishwa.

Sheria inaruhusu riba kutozwa kwa malipo yaliyochelewa, ila mkataba ukisema vingine. Hata hivyo, hali halisi ni chungu. Mwaka 2023 serikali iliunda kamati iliyoongozwa na aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Edward Ouko, kuhakiki madeni ya wanakandarasi yaliyolimbikizwa kati ya 2005 na 2022. Maana yake ni kwamba wapo waliodai malipo yao kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Kwa sababu hiyo, asiye na mtaji wa kusubiri miezi kadhaa asiweke nyumba rehani kwa ajili ya zabuni moja. Hazina ya Vijana iliyoanzishwa 2006 na ile ya Wanawake ya 2007 zimekuwa zikitoa mikopo ya kugharimia maagizo ya aina hii, na ni heri kuulizia masharti yake kabla ya kukimbilia wakopeshaji wa mitaani.

Vilevile, kazi zinazokamilika Mei na Juni zina hatari yake, kwani mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30 kabla ya ankara kushughulikiwa, deni husukumwa hadi bajeti inayofuata.

Nakala za barua, agizo, cheti cha ukaguzi na ankara zihifadhiwe mahali salama, kila moja ikiwa na tarehe na muhuri wa kupokelewa. Afisa anayeijua kazi hiyo anaweza kuhamishwa, na anayechukua nafasi yake ataamini karatasi tu. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.