Usanidi wa modemu zisizo na waya (Bukoba na Muleba)

Usanidi wa modemu ni kazi ya kuchagua masafa na kuweka vyeti vya usalama ili kifaa kiunganike na mtandao halali. Nchini Tanzania masafa hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), iliyoundwa mwaka 2003.

Masafa. Mawimbi ya megahezi 700 na 800 hufika mbali na hupenya migomba na kuta vizuri zaidi. Ya 2,600 hubeba data nyingi lakini hufifia mapema. Kwa hiyo masafa ya chini huvifaa vijiji vya Muleba na visiwa kama Bumbire na Goziba. Ya juu huifaa Bukoba mjini, penye watumiaji wengi. Kaskazini, karibu na Mutukula, inafaa mtandao uchaguliwe kwa mkono, modemu isije ikanasa mnara wa Uganda.

Vyeti. Modemu za WiMAX zilitambulishwa kwa vyeti vya X.509, za 4G hutambulishwa kwa laini. Hata hivyo, vyeti bado hulinda mawasiliano ya modemu na seva. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha: umeme ukikatika na saa ya modemu ikarudi mwaka 1970, cheti halali hukataliwa. Saa irekebishwe kwanza. Ukaguzi wa vyeti usizimwe kamwe, kwani kuuzima ni kuwakaribisha wezi wa taarifa.