Wimbo wa Anasa Uliofika Horini

Kila mwaka Noeli inapokaribia, swali moja linarudi katika korali zetu. Kijana analeta maneno mazuri ya Yesu, lakini melodi yake watu wanaifahamu kutoka baa. Tuimbe ao tukatae?

Swali hili si la leo. Twende Ujerumani, katika mji wa Leipzig. Johann Sebastian Bach aliongoza muziki ya kanisa za Kiluteri pale tangu 1723 mpaka kufa kwake 1750. Mwishoni mwa kazi zake za kanisa alizoea kuandika herufi tatu za Kilatini, S.D.G., maana yake utukufu kwa Mungu peke yake. Lakini kuanzia 1729, mtu huyohuyo aliongoza pia kundi la wanafunzi wa chuo kikuu waliopiga muziki katika nyumba ya kahawa ya Zimmermann. Huko waliimba juu ya wafalme na mapendo, na hata juu ya msichana asiyetaka kuacha kahawa!

Tarehe 5 Septemba 1733, mtoto wa mtawala wa Saxony alitimiza miaka 11. Bach akamtungia mchezo wa kuimba juu ya Hercules, kijana wa hadithi za Wayunani, aliyesimama penye njia panda. Anasa anamwimbia kwa sauti tamu ya kumbembeleza, ili alale, ajifurahishe, asahau njia ya wema. Tarehe 8 Desemba ikawa zamu ya mama wa mtoto, Maria Josepha. Wimbo wake ulianza na ngoma, kisha tarumbeta, kwa sababu maneno yenyewe yaliziamuru zilie.

Mwaka 1734 Bach alizichukua kazi hizo mbili, akaweka maneno mapya, akazitia katika Oratorio ya Noeli, iliyoimbwa kanisani kwa sehemu sita kuanzia 25 Desemba hadi 6 Januari 1735. Ngoma za malkia zikamsifu Mwana wa Mungu. Na ule wimbo wa Anasa? Ukawa wimbo wa kumlaza mtoto Yesu.

Nakiri, hapo nilisita. Shawishi lile lile, kwa Mwokozi wetu! Lakini Bach hakuuacha kama ulivyokuwa. Aliushusha kutoka sauti ya juu ya wanawake hadi sauti ya pili, akaongeza filimbi inayofuatana na mwimbaji. Pia, kazi zile ziliandikwa kwa ajili ya sikukuu ya siku moja tu. Wimbo wa baa ya kwetu unalia kila jioni. Anayeusikia kanisani, moyo wake unaweza kurudi kule. Tofauti hiyo si ndogo. Vipuli vya dhahabu vya Waisraeli vilifanya ndama (Kutoka 32), na vipuli vilitolewa pia kwa kazi ya hema ya Bwana (Kutoka 35).

Katika Oratorio hiyohiyo kuna melodi nyingine. Hans Leo Hassler aliitoa mwaka 1601 kama wimbo wa mapendo, na Wakristo wakaitia maneno ya kanisa muda mrefu mbele ya Bach kuzaliwa. Yeye aliiweka karibu na mwanzo, kwa unyenyekevu, kisha akairudisha mwishoni kabisa, pamoja na tarumbeta na ngoma.