Kilele cha Roki ya Progresivu Kiko Wapi Sai? Mimi Naanzia Kapkatet

Kuna swali moja mnanitumia kila wiki: ni bendi gani za roki ya progresivu ziko kwa kilele chao sai? Wengine mnauliza kwa nia njema. Wengine mnanichokoza tu, ati kijana wa Mogogosiek, mahali chai inaanza mlangoni na kuisha kwa upeo wa macho, anajua nini kuhusu progi. Sawa wasee, leo najibu wote kwa pamoja. Na jibu ni refu, kwa sababu huu ni muziki wa watu wasioogopa vitu virefu.

Jibu fupi kwanza, ndio mwenye haraka aende zake. Steven Wilson wa Uingereza alitoa The Overview mwaka 2025, albamu nzima ina ngoma mbili pekee, moja dakika 23 na nyingine dakika 18. Opeth wa Uswidi walitoa The Last Will and Testament mwaka 2024. Peter Gabriel alitoa i/o mwaka 2023 akiwa na miaka 73, umri ambao wazee wengi huku kwetu wameshaachia watoto shamba. Hao wote wako juu. Orodha imekwisha.

Lakini hiyo orodha inanikera kidogo, na si kwa sababu ni ya uongo. Inanikera kwa sababu ukiisoma peke yake unaondoka ukiamini kwamba kilele kiko ng'ambo kila wakati, na sisi kazi yetu ni kukitazama kwa simu. Historia haisemi hivyo. Historia inasema huu muziki ulipita Nairobi, na mtu anaweza hata kusema ulipita hapa karibu, Kapkatet. Nifuate pole pole.

Kwanza tuelewane: progi ni nini? Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Uingereza walichoka na ngoma za dakika tatu. Wakasema gita na ngoma zinaweza kubeba hadithi nzima, kama kitabu. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza Oktoba 1969. Mwaka 1972 Yes wakatoa Close to the Edge, ambayo ngoma yake kuu inajaza upande mzima wa sahani. Mwaka 1973 Pink Floyd wakatoa The Dark Side of the Moon, na ndani yake kuna ngoma inaitwa Money inayokwenda kwa mapigo saba badala ya manne. Jaribu kuicheza bila kujikwaa. Mwaka 1974 Genesis, bendi ya Peter Gabriel, wakatoa The Lamb Lies Down on Broadway, sahani mbili za hadithi moja. Mwaka uliofuata Gabriel akatoka kwa bendi. Kufika 1976 na 1977 panki ilikuwa imeingia na makelele yake, na magazeti ya huko yakatangaza kwamba progi imekufa.

Wengi wanaishia hapo. Mimi nauliza swali lingine: hiyo miaka ya 1970, Nairobi ilikuwa inafanya nini?

Nairobi haikuwa imelala. Bendi ya Matata ilikuwa imeenda hadi London na kurekodi huko mwanzoni mwa hiyo miaka. Na hapo mjini kulikuwa na vijana wanaitwa Black Savage, wanapiga roki yenye gita za umeme, Kiingereza kikichanganyika na lugha za nyumbani. Mmoja wao alikuwa kijana anaitwa Job Seda, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1956. Mwingine ni Mbarack Achieng. Katika kazi za hiyo bendi kuna ngoma inaitwa Kothbiro, maana yake kwa Kijaluo ni kwamba mvua inakuja. Weka hilo jina kwa akili, tutalirudia.

Mwaka 1979 Seda alikuwa kati ya waanzilishi wa African Heritage Band, kundi lililoamua kuchukua ala za zamani na kuzisimamisha pamoja na zile za umeme. Hapo ndipo mimi naona jambo ambalo hao wa London hawakuliona. Kwao, kusonga mbele kulimaanisha kuongeza: kinanda kingine, waya zaidi, mashine zaidi, moshi jukwaani. Kwa Seda, kusonga mbele kulimaanisha kupunguza. Alichukua nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane, akaondoka kwenda Uingereza mwaka 1986 na kuanza kukipiga kwa vituo vya treni za chini ya ardhi za London, watu wakipita na mabegi yao. Akabadilisha jina, akaitwa Ayub Ogada.

Sasa angalia dunia ilivyo ndogo. Peter Gabriel, yule yule wa Genesis, alikuwa ameanzisha tamasha la WOMAD, la kwanza likafanyika mwaka 1982, na mwaka 1989 akasaidia kuanzisha lebo ya Real World. Watu wa WOMAD wakamwona Ogada. Mwaka 1993 Real World wakatoa albamu yake, En Mana Kuoyo, na Kothbiro imo ndani, safari hii bila gita za roki, ni nyatiti na sauti. Mzee wa progi alikuwa ametumia miaka mingi kutafuta sauti mpya, na moja ya zile alizozipata ilikuwa imeanzia kwa bendi ya roki ya Nairobi. Kwa hivyo mtu akiniambia progi ni muziki wa wazungu tu, mimi humuuliza: unasikiza kutoka upande gani?

Mwaka 2005 Kothbiro ikasikika kwa filamu ya The Constant Gardener. Mwaka 2018 Kanye West akatoa Yikes, ikapanda hadi nambari nane kwa chati ya Billboard, na ndani yake kuna sampo ya Kothbiro, ile ya Black Savage. Zaidi ya miaka 40 baadaye! Vijana wa Bomet na Chicago waliruka na hiyo ngoma bila kujua kwamba wanaruka na Nairobi ya miaka ya 1970. Majina ya Achieng na Ogada yako kwa orodha ya watunzi. Ogada aliaga Februari 2019.

Hapo ndipo ninapofika kwa hoja yangu. Kilele cha bendi si siku inauza tikiti nyingi. Watu wa chai tunalielewa hili kuliko mtu yeyote. Kuna miezi majani yanafurika hadi kiwanda kinalemewa na lori zinapiga foleni, na hiyo si lazima iwe miezi ya chai bora. Halafu kuna wakati mti unapruniwa hadi unabaki vijiti, mgeni akipita anadhani shamba limekufa, kumbe mwenye shamba anajua anachongoja. Bendi ni hivyo hivyo. Mimi hupima kilele kwa mambo matatu. La kwanza, je, wanapiga kitu ambacho wengine hawana? La pili, je, wamekataa kujirudia hata pale kujirudia kungewalipa? La tatu, ambalo ndilo zito, je, wameacha kitu ambacho mwingine anaweza kuanzia?

Kwa vipimo hivyo, Black Savage walikuwa juu. Shida ni kwamba Wakenya wengi wa umri wangu walikutana nao kupitia mtu wa Marekani.

Na sasa Kapkatet. Mwaka 1950, mwaka ule ule Peter Gabriel alizaliwa, mtafiti mmoja anaitwa Hugh Tracey alipita nchi ya Wakipsigis na mashine zake za kurekodi. Kitambo kabla ya hapo, gramafoni zilikuwa zimefika huku na sahani za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyekufa mwaka 1933. Wakipsigis walisikia jina lake, wakalisema kwa ulimi wao: Chemirocha. Wakalisikiza lile gita na ile sauti ya kupanda na kushuka, wakaamua huyu hawezi kuwa mtu wa kawaida. Kwa masimulizi ambayo Tracey aliandika, Chemirocha ni nusu mtu, nusu swara. Wasichana wakamtungia wimbo wa kumwalika aje acheze nao, kinubi kikipigwa chini ya sauti zao. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye hilo jina. Ile ya tatu, ya wasichana, ndiyo imezunguka dunia.

Kama hujawahi kuisikia, itafute leo. Ni fupi, haina umeme, haina hata kitu kimoja cha progi kwa maana ya kitabu. Lakini pima kwa vile vipimo vyangu. Walichukua muziki wa mbali, hawakuuiga, wakaugeuza kuwa kiumbe kipya chenye kwato. Gabriel wa Genesis alivaa kichwa cha mbweha jukwaani mwaka 1972 na dunia ikashangaa. Wasichana wa Kapkatet walikuwa wameshatengeneza mtu-swara miaka 22 mapema, bila lebo na bila taa. Manze, hiyo si ubunifu?

Lakini soma maelezo ya ile rekodi, ndipo utaona kinachoniuma. Jina moja liko wazi, Chemutoi Ketienya. Wengine wameandikwa hivi tu: wasichana wa Kipsigis. Basi. Kundi zima la watunzi na waimbaji, na jina lao ni kabila lao. Rekodi zenyewe zilikaa Afrika Kusini, kwa maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey alianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Ni mwaka 2014, miaka 64 baadaye, ndipo watu wa maktaba hiyo pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha huku, wakiwatafuta waliokuwa wamebaki na familia zao. Miaka 64! Mtu aliyeimba akiwa na miaka 15 alikuwa na miaka 79.

Weka hizo hadithi mbili kando kwa kando. Kothbiro ilikuwa na majina. Mtu alipoichukua 2018, majina yalikuwepo ya kuandikwa kwa orodha ya watunzi, na jina likiandikwa hapo, kuna mahali pa kudai haki. Wimbo wa Kapkatet ulikuwa na jina moja na nusu. Tofauti kati ya hizo mbili si kipaji. Ni karatasi.

Kwa hivyo nikiulizwa nani yuko kileleni sai, siangalii Stockholm pekee. Naangalia Lord Spikeheart, ambaye alikuwa nusu ya Duma, kundi la Nairobi lililotoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2024 akatoa The Adept, metali iliyopasuliwa na kushonwa upya na mashine, na humo ndani kumbukumbu ya Mau Mau inapumua. Naangalia Crystal Axis, waliochukua panki wakaimba kuhusu Leopold na Kongo. Naangalia njia iliyofunguliwa na ParkingLotGrass na Murfy's Flaw, waliopiga roki Nairobi wakati mapromota wengi hawakujua waiweke wapi. Najua mnaopenda sheria mtasema hizo si progi halisi, hakuna melotroni, hakuna dakika 20. Lakini kama progi ni mavazi ya mwaka 1973, basi hiyo ni makumbusho. Kama ni tabia ya kukataa kusimama mahali pamoja, hao wamo.

Na wewe uliye Litein, Bomet au Kericho mjini, na gita lako na kompyuta ya kuazima, nakuambia kitu kimoja. Usingoje mtu wa mbali aje na mashine. Rekodi. Andika tarehe. Andika nani alipiga besi, nani alitunga, nani aliitikia, majina yote matatu kama kwa kitambulisho. Sajili kazi yako. Hiyo ni boring, najua, hakuna mtu anafanya video ya kucheza mbele ya fomu. Lakini fomu ndiyo itakayokumbuka siku wewe hutakuwepo.

Na kama gogo yako alikuwa msichana upande wa Kapkatet mwaka 1950, mpigie leo, si kesho. Muulize kama anaikumbuka. Halafu muulize ni akina nani walisimama kando yake, na uandike majina.